Kilo Mbili za Huruma

Somoe mwanangu,

Kwa heshima na taadhima, wakazi wote wa Mtaa wa Narung'ombe na mitaa ya jirani wanatangaziwa kwamba leo, saa tisa na robo alasiri, sanduku la Ndugu Somoe limefungika. Kazi hiyo nzito iliongozwa na mama mzazi, aliyekalia kifuniko, akisaidiwa na baba mzazi, aliyekuwa anatoa maelekezo. Hakuna aliyeumia isipokuwa bawaba moja. Wananchi wanaombwa waendelee na ujenzi wa taifa kama kawaida.

Tangazo limekwisha. Sasa tuzungumze.

Wewe umekwenda Kigamboni kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyoijua pantoni ya Magogoni, na kwa jinsi ninavyomjua shangazi yako, hutarudi kabla ya magharibi. Mambo ya sweta, ya sala, ya kutokula usichokijua jina, mama yako ameyasema yote na atayarudia kesho mpaka mlangoni kwa ndege kama wakimruhusu. Mimi siyagusi. Barua hii nitakutia mkononi pale uwanjani, na nakuomba uifungue mkishapaa. Sababu yake si nzuri, lakini nitakwambia: nataka uisome ukiwa mahali ambapo huwezi kugeuza shingo ukanitazama.

Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza, "Baba, ile ndege ya Mafia ilianguka kwa nini?" Nikakujibu, "Rubani alivuta pua mapema," nikainua kiganja kukuonyesha pua ya ndege. Uliniuliza tena ulipokuwa la sita, na ulipoingia sekondari. Jibu lilikuwa lile lile, maneno manne, nimeyakariri kama mtoto wa chuoni. Leo unakwenda nchi ya watu kusomea ufundi wa ndege, miaka mitatu, na wa kwanza atakayekufundisha kwa nini ndege huanguka asiwe mgeni. Nilikuwa na miaka kumi ya kukufundisha mimi.

Unajua nilianzia sokoni. Nilipofika mjini kutoka kusini nilipata kazi ya kumpimia tajiri mmoja wa vitunguu pale Kariakoo. Kazi ya mpimaji ilikuwa rahisi. Unaweka gunia kwenye kibao cha mizani, unatazama mshale, unatamka namba kwa sauti ya mtu mwaminifu. Tajiri alinifundisha jambo moja tu: kidole gumba cha mguu kikae juu ya kibao. Kidogo tu, kama kimejisahau. Mnunuzi hutazama mshale, hatazami miguu ya watu. Nilifanya hivyo miaka miwili, na kila mama aliyeondoka na vitunguu pungufu niliondoka naye moyoni mpaka nyumbani.

Nilipopata kazi uwanja wa ndege, kwenye kampuni ndogo iliyokuwa inapeleka abiria Mafia na pwani ya kusini, nilijiapia kwamba mizani yangu haitamwibia mtu tena. Sikumwibia. Nilifanya kinyume chake, na nilidhani kinyume cha wizi ni haki.

Wewe umekulia Kariakoo, sina haja ya kukueleza nyongeza. Hakuna muuza dagaa, muuza mchele wala muuza mbaazi anayekupimia halafu asitupie konzi moja ya juu. Asiyetupia ana roho mbaya, na habari zake zitafika Ilala kabla ya adhana. Ninachotaka uone ni kwamba mimi niliichukua nyongeza ile nikaipandisha ndege.

Ilikuwa hivi. Kila abiria anaruhusiwa kilo kumi. Anakuja mama wa watu na kapu.

"Bwana Mizani, shikamoo."

"Marahaba. Weka mzigo."

"Ni vikorokoro vya watoto tu, baba."

"Kilo kumi na mbili. Mwisho kumi."

"Hebu tazama tena. Labda mizani imeona vibaya."

"Mizani haina macho, mama."

"Wewe si unayo?"

Basi natazama tena. Safari hii ncha ya kiatu iko chini ya kibao, inakiinua kidogo tu, kama imejisahau. Kilo kumi. Mama ananiombea dua, mshale umeshuhudia, mimi naandika kumi kwenye fomu, na fomu inakwenda kwa rubani. Kilo mbili za huruma. Nani kaumia?

Kwa miaka minne, hakuna. Hapo ndipo penye mtego, mwanangu, na hutauona kwenye vitabu. Kosa linalokuumiza siku ya kwanza ni rafiki yako. La hatari ni lile linalokuacha ulifanye mara mia, likikuamkia kila asubuhi.

Ngoja sasa nikueleze jinsi ndege inavyobeba. Nimejifunza mwenyewe, kwa njia nitakayokusimulia, kwa hiyo walimu wako wakisema vingine waamini wao.

Unakumbuka tulipopanda lori kwenda kwa bibi, ukatoa mkono nje? Ukiulaza kiganja, upepo unapita. Ukiinua kidogo upande wa mbele, mkono wote unanyanyuka wenyewe, ukacheka. Hilo ndilo bawa. Halafu ukauinua zaidi, ukasimama kama wa askari wa barabarani, na upepo ukakusukuma nyuma, ukaangusha mkono. Hewa hupita vizuri juu ya bawa lililoinama kiasi. Likiinuka mno na mwendo ukiwa mdogo, hewa inashindwa kulifuata, inaachana nalo. Injini zinaweza kuwa zinanguruma vizuri kabisa, lakini bawa limekwisha kuwa ubao tu, na ubao hauruki.

Sasa mkokoteni. Umewaona mahamali wa mtaa wa Gerezani mara elfu. Magurudumu yako katikati, mzigo unagawanywa mbele na nyuma, mtu anavuta bila jasho jingi. Ukirundika magunia yote nyuma, mikono ya mkokoteni inainuka na mvutaji anabaki ananing'inia, miguu inapiga baiskeli hewani, na mtaa mzima unapata burudani ya bure. Ndege ni mkokoteni huo huo. Uzito ukizidi mkiani, pua inataka kwenda juu hata rubani akiikatalia kwa mikono miwili. Pua ikienda juu mno, yanatokea yale ya kiganja.

Basi ndivyo. Mengine utayakuta huko kwa majina yake.

Siku yenyewe ilikuwa siku mbili kabla ya Idi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na hakuna ndege iliyokwenda Mafia, na abiria wanane waliokaa Dar wakisubiri walikuwa na muda wa kutosha kuimaliza Kariakoo. Vitenge, sufuria, betri, sukari waliyoisimamia foleni siku tatu. Kila mtu ana watoto wanaongoja nguo ya Idi. Nani angekuwa Firauni siku ile? Kiatu changu hakikupumzika. Si kilo mbili tena, ilikuwa kumi na tano, ilikuwa ishirini, na kwa bwana mmoja mwenye cherehani nilitumia miguu yote miwili kwa zamu. Sanduku la mizigo la puani mwa ndege lilijaa. Vilivyobaki tulivipeleka nyuma, mkiani, tukavifunga wavu.

Abiria mmoja hakuomba. Alikuwa Bi Mwanahawa, mkunga wa huko kisiwani, mtu mzima, amevaa buibui lililofifia. Aliweka kapu la mchele.

"Kilo kumi na tatu, Bi Mwanahawa."

"Inayotakiwa?"

"Kumi."

"Basi mchele ubaki, mwanangu. Utanipakilia ndege ijayo. Sheria hukuitunga wewe."

Nikamshukuru, nikaliweka kapu ofisini. Haikunijia hata kidogo kwamba nimewapa wote isipokuwa aliyestahili. Nyongeza hupewa anayeomba, si ndivyo tulivyozoea?

Rubani alikuwa Kapteni Sefu, kijana wetu, siku zile marubani weusi ungewahesabu kwa vidole ukabakiwa na vidole. Alipita kama kawaida yake, akaichukua fomu, akaniuliza, "Mzee, tuko sawa?" Na mimi nikamjibu, "Sawa kabisa, Kapteni. Nenda salama."

Somoe, rubani hawezi kushuka akapima kila kapu, kama wewe usivyoweza kuonja kila punje. Anaruka kwa kutegemea neno la mwenzake. Fundi amemwambia skrubu imekazwa, wa mafuta amemwambia hayana maji, wa mizani amemwambia uzito ni huu. Akishaamini ndipo anajua lini avute, mwendo gani. Siku ile alifanya hesabu zote vizuri kwa ndege ambayo haikuwepo.

Ilikimbia kuliko kawaida, ikanyanyuka. Niliiona pua ikipanda, ikazidi kupanda, nikasema moyoni, shusha, shusha, kana kwamba ni yeye anayeipandisha. Ikasimama hewani kidogo tu, kisha bawa la kushoto likalala na ikashuka kwenye majani ng'ambo ya mwisho wa njia. Haikuwaka, mvua ilisaidia. Tulikimbia wote. Ni kweli niliwatoa watu watatu kwa mikono hii, na ni kweli nilikatwa na bati hapa begani, kovu unalolijua. Kapteni alivunjika mguu. Bi Mwanahawa alikuwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na wavu. Yeye hatukumtoa mzima.

Wakaja mabwana watatu wa uchunguzi na mafaili. Wakaniuliza, mizigo ilipimwa? Ilipimwa. Fomu ni hii? Ndiyo. Hizi ndizo namba ulizoziona kwenye mizani? Ndizo. Hapo sikusema uongo hata mmoja, maana mshale ulionyesha hivyo hivyo. Nilijivunia ujanja huo wiki nzima. Wangetaka kuipima upya mizigo wasingeweza: sukari ilikwisha yeyuka kwenye mvua, na vitenge wananchi wema walikwisha saidia kuviokota. Mabwana wakaandika kwamba rubani alivuta pua mapema. Kapteni akanyang'anywa leseni. Mimi nikapewa hati ya pongezi kwa ushujaa, yenye mhuri. Mama yako akaitafutia fremu, na wewe ukajipa kazi ya kuifuta vumbi kila Jumapili. Miaka kumi, Somoe, nimekunywa chai ya Jumapili nikikutazama unaifuta.

Wiki tatu baadaye alikuja mtoto wa Bi Mwanahawa kuchukua kapu la mchele. Akanishukuru kwa kulitunza.

Ulijiuliza siku nyingi baba yako anasoma nini, yule asiyemaliza hata la nne. Kilikuwa kitabu cha urubani, cha Kizungu, nilikiokota kwenye takataka za ofisi, kimepoteza jalada. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, mwaka na nusu. Ulidhani napenda elimu, ukawaambia na walimu wako. Nilikuwa natafuta kosa la mtu mwingine. Nilitafuta kwenye upepo, nikatafuta kwenye injini, nikatafuta kwenye mvua. Kitabu kizima hakikunisaidia. Nilipofika sura ya mizigo nilifanya hesabu ya kiatu changu, nikikumbuka kapu moja moja, na jumla ilikuwa uzito wa watu wawili wazima. Watu wawili waliokaa mkiani bila tiketi, na mimi ndiye niliyewapandisha.

Nikakikunja kitabu. Kesho yake nikaenda kazini, nikawa mkali wa mizani hata nusu kilo siachi, na abiria wakasema, "Bwana Mizani kabadilika, kaingiwa na roho mbaya." Hiyo ndiyo toba niliyoifanya, ya siri, isiyomfaa Kapteni hata chembe.

Hapa nakuomba usome polepole, ndilo jambo lenyewe nililokaa chini kuandika. Usiogope ndege uliyomo. Barabara ya Lindi wakati wa masika ndiyo ya kuogopwa. Ndege ni salama kwa sababu moja ya ajabu: kila ikianguka moja, watu hukaa wakaulizana kwa nini, wakaandika, na wengine wote wakasoma ili wasiangukie pale pale. Ukimwona rubani mwenye mvi anasoma orodha kwa sauti, mafuta, milango, breki, kama mtoto wa la kwanza, usimcheke. Kila mstari wa orodha ile umewekwa kwa sababu ya mtu fulani ambaye hakushuka. Bi Mwanahawa alistahili mstari wake. Mimi niliuficha chini ya kiatu. Mabwana wale wakaenda kuwafundisha marubani kuogopa pua, na huko kwenye viwanja vingine wapimaji wenye huruma wakaendelea kutazama tena. Sijui kama kuna ndege nyingine iliyolipa. Nimeogopa kuuliza.

Kuna siku moja hainitoki. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, tumekwenda Gerezani kutafuta mnyororo wa baiskeli. Kwenye meza ya vipuri alikuwa amekaa Kapteni Sefu, mguu mmoja umenyooka haukunjiki, mbele yake bolti na plagi kuukuu. Akafurahi kuniona. Akakutazama akisubiri salamu. Ukakaza midomo. Nilikufinya mkono, ukazidi kukaza.

Kapteni akasema, "Marahaba, mwanangu," ingawa hukumwamkia. Akacheka. Kisha akanigeukia, taratibu, kama mtu anayeulizia bei. "Mzee, nina swali limenikaa miaka. Ile siku mizigo ilikuwa sawa?"

"Sawa kabisa, Kapteni."

"Haya. Maana ile pua sikuivuta mimi. Ilikuwa inakwenda yenyewe. Nimewaambia, hawakunielewa. Basi labda niliivuta, sikumbuki vizuri."

Labda niliivuta. Mtu mzima amefikishwa mahali pa kushuku mikono yake mwenyewe. Na tulipofika kona wewe ukaniambia, "Baba, mimi siwaamkii wauaji," nami, badala ya kukurudisha ukapige magoti, nikakununulia sambusa.

Halafu mwaka jana ukatusomea fomu yako ya maombi hapa barazani. Kwamba unataka kuwa fundi wa ndege kwa sababu baba yako aliwaokoa watu katika ndege iliyoangushwa na uzembe wa rubani. Mama yako akalia. Mimi nikasema nenda kaongeze maji kwenye chai. Wamekuchagua, na sitaki kujua kama ni kwa sababu ya sentensi ile. Nafasi ni yako, hesabu zako ndizo zilizokupeleka. Sentensi ndiyo yangu, na ni ya uongo.

Sikwambii uwe mwaminifu. Mimi nilikuwa mwaminifu, muulize yeyote Kariakoo. Ninachokwambia ni kidogo zaidi. Huko utakapokuwa na spana mkononi, atakuja mtu mwema, mwenye haraka ya kweli, ana watoto wa kweli wanaomngoja, atakwambia hebu tazama tena. Utampenda. Utataka akupende. Hapo mnyime. Akuite roho mbaya, akutangaze mji mzima. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku ile ile, ungali unatetemeka, kabla hujapata maelezo mazuri. Mimi nilipata maelezo mazuri saa moja baadaye na yamenidumu miaka kumi.

Kesho nikishakuona umepaa, sitarudi nyumbani moja kwa moja. Nitapita Gerezani. Nimekwisha andika karatasi nyingine kama hii, fupi, haina mzaha, na ina majina ya makapu yote ninayoyakumbuka. Nitamsomea Kapteni pale mezani kwake mbele ya watu, halafu twende naye kwa wakubwa tukaikabidhi, kama atakubali kutembea na mimi. Fremu nitaishusha jioni. Mama yako bado hajui, naye nitamwambia njiani tukitoka uwanjani, akiwa anakulilia wewe, ili machozi yasipungue wala yasizidi sana. Nilipanga kila kitu kianze ukishakuwa juu. Huo ndio ushujaa wa baba yako, umepimwa sasa bila kiatu.

Nilikuwa nataka kumalizia kwa dua, lakini nimebishiwa hodi. Bwana Salimu wa duka la kona, mwenye simu, amekuja mwenyewe na kanzu yake ya dukani, anahema.

"Mzee, wamepiga kutoka uwanjani. Ndege ya binti yako kesho hairuki."

"Kuna nini?"

"Tairi. Mkaguzi kalikataa. Jipya litakuja Ijumaa."

Leo ni Jumatatu.